Kompyuta haijazeeka, kilichochoka ni diski

Huenda nawe ni miongoni mwa wale ambao wakishabonyeza kidude cha kuwashia kompyuta ya nyumbani huenda zao jikoni kuteleka chai. Chai huchemka, humiminwa, hunywewa nusu kikombe, na ukirudi unakuta kile kiduara kingali kinazunguka juu ya kioo. Ikishawaka, kufungua barua moja ya kuchapa ni dakika mbili. Kuingia katika intaneti ni dakika tatu nyingine. Watoto husema mtandao ni mbovu. Baba husema ni virusi. Na fundi akiitwa, aghalabu huitazama mara moja, akatikisa kichwa na kusema kuwa mashine imezeeka, tafuteni mpya.

Juma hili nataka tuichunguze hukumu hiyo ya fundi, kwani mara nyingi haina haki ndani yake.

Huku Junda, katika vichochoro vinavyoteremka kuelekea mikoko ya hori ya Tudor, kompyuta nyingi za mezani zilizo majumbani na katika vyumba vya saiba ni zile zilizotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo kisha zikaletwa kwetu kwa meli. Wauzaji huziita eksi-yukei, hata kama nyingine hazikuwahi kuiona Uingereza. Utakuta Dell OptiPlex na HP Compaq za mwaka 2010 hadi 2014 hivi. Si mashine mbaya. Chuma chake ni kizito, zilitengenezwa kwa kazi ya kutwa nzima, na prosesa yake, ambayo ndiyo akili yenyewe, bado inatosha kwa barua, hesabu, intaneti na masomo ya watoto. Kinachoziangusha ni kifaa kimoja kilicho ndani, nacho ni diski ngumu.

Hapa niseme neno kuhusu majina, maana huwa linanikera. Watu wengi huliita kasha zima "sipiyu". Sipiyu ni hiyo prosesa tu, kijipande kisichozidi upana wa kiberiti. Fundi akikwambia sipiyu imekufa, muulize anakusudia kasha lote au kijipande kile. Jibu lake litakuonyesha kama unazungumza na fundi au na mchuuzi.

Kuna mama mmoja mtaani ambaye ana chumba cha kuchapa, kutoa fotokopi na kuwasaidia watu mambo ya mtandaoni: maombi ya mkopo wa HELB, hati ya tabia njema, na yote yale ambayo siku hizi hayapatikani ila kupitia eCitizen. Ana kompyuta mbili za aina niliyoitaja. Mwezi wa Juni, msimu ambao kila mwenye nambari ya KRA hutakiwa awe amewasilisha taarifa ya mapato yake kabla ya tarehe 30 kupita, foleni yake ilifika mlangoni. Lakini mashine kubwa, ile anayoitegemea, ilikuwa ikichukua dakika 12 kuwaka. Ikikwama, huzimwa, na hizo 12 zinaanza tena. Watu walisimama, wakatazamana, kisha mmoja mmoja akavuka barabara kwenda saiba ya pili.

Fundi aliyeitwa alitoa hukumu ile ile. "Mama, hii haina lake tena. Tafuta nyingine."

"Mwanangu, karo ya huyu binti yangu haijakwisha, hiyo nyingine nitaitoa wapi?"

Fundi akasema basi ataifomati kwa bei nafuu, papo hapo, iwe kama mpya. Mama alikuwa karibu kukubali. Ndani ya diski ile mlikuwa na kazi ya mwisho ya chuo ya huyo binti, miaka miwili ya kuandika na kurekebisha, na picha zote za marehemu mumewe ambazo simu iliyozipiga ilikwisha kupotea. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Aliyeokoa jahazi ni barobaro wa mtaani, mwanafunzi tu, aliyekuwa kwenye foleni akingoja kuchapishiwa karatasi. Aliuliza swali moja: "Mama, hizi faili zenu mmeziweka wapi kwingine?" Kimya.

Tutarudi kwenye faili. Kwanza tuone barobaro yule alijuaje kwamba tatizo ni diski, kwa sababu jambo hilo hata wewe waweza kulipima nyumbani bila kufungua skrubu moja.

Bonyeza kwa pamoja vidude vitatu vya kibodi: Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litafunguka likionyesha kazi zinazoendelea na safu za asilimia. Tazama safu ya "CPU", ya "Memory" na ya "Disk". Fanya hivyo kompyuta inapokuwa nzito. Ukikuta "Disk" ni 100 na "CPU" ni 10 au 15, basi akili ya mashine imekaa bure ikingoja diski ilete vitu. Ukikuta "Memory" imefika 90 na zaidi, upungufu ni wa ramu, na huenda ukahitaji kuiongeza pia. Na kama zote mbili ziko chini lakini kurasa za intaneti tu ndizo nzito, hapo waweza kuulaumu mtandao. Nasema hivi kwa sababu nyaya kuu za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kutoka baharini mwaka 2009, na nyumba nyingi zimekwisha kuunganishwa, lakini bado kila uzito wa kompyuta hutupiwa mtandao.

Kwa nini basi diski iwe nzito hivyo? Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Ni uvumbuzi wa zamani: ya kwanza iliuzwa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 na uzito wa tani moja hivi, na ilibeba herufi milioni 5 tu, kiasi cha wimbo mmoja wa simu ya leo. Tangu hapo imepungua umbo na kuongezeka nafasi, ila tabia haikubadilika. Sahani ya leo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Ili kusoma kipande, mkono lazima usogee hadi mstari unaotakiwa, kisha ungoje kipande kizunguke kifike chini yake. Kusogea ni kama milisekunde 9, kungoja ni 4. Piga hesabu: diski haiwezi kuleta zaidi ya vipande 80 hivi vilivyotawanyika kwa sekunde moja.

Fikiria umemtuma kijana soko la Kongowea na orodha ndefu, lakini umemwambia alete kitu kimoja kimoja. Anakwenda kwa wenye vitunguu, anarudi. Anakwenda mwisho wa soko kwa wenye nazi, anarudi. Kijana ana mbio, hakuna ubishi, lakini siku itakwisha. Na kompyuta inapowaka, huomba maelfu ya vijipande vidogo vidogo, kila kimoja pembe yake. Tuseme ni 5,000. Kwa diski ya kuzunguka, hiyo ni zaidi ya dakika nzima ya kwenda na kurudi tu, kabla Windows haijaanza kujikagua virusi, kutafuta masasisho na kupanga orodha ya faili, kila moja ikimvuta kijana yule yule mkono.

SSD haina sahani wala mkono. Ndani yake kuna vijipande vya kumbukumbu vinavyoshika chaji ya umeme hata stima ikizimwa, aina ile iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba huko Japani katika miaka ya 1980, na ambayo imo pia ndani ya flashi na simu yako. Kila kipande kiko umbali mmoja. Kukifikia huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vile vijipande 5,000 vinaletwa kwa nusu sekunde. Ndiyo maana mtu aliyebadili diski husema amepata kompyuta mpya, na hakuna kilichobadilika ila kifaa chepesi kuliko simu yake.

Sasa ukitaka kununua, jua unachokwenda kutafuta. Kwa mashine hizi za zamani ni ile SSD ya inchi 2.5 inayotumia waya wa SATA. Zipo nyingine ndogo kama kipande cha chingamu, ziitwazo M.2, ambazo ni za mashine za baadaye. Usiuziwe hiyo kwa sababu tu ina kasi zaidi, haitakuwa na mahali pa kuingia. Gigabaiti 240 au 256 zinatosha nyumba ya kawaida. Wenye kuhifadhi video wachukue 480 au 512. Mama yule alilipa Sh3,500 kwa duka moja la mjini, bei ya siku hiyo, maana bei ya kumbukumbu hizi hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Vuka daraja la Nyali, uliza maduka matatu, na udai risiti yenye muda wa dhamana.

Jihadhari na bandia. Ukiona diski ya terabaiti 16 ikiuzwa kwa bei ya kanga mbili, pita. Ndani mna flashi ndogo iliyofundishwa kudanganya, ambayo hukubali faili zako zote kisha zile za mwanzo zikatoweka bila taarifa. Kuna programu ya bure ya Kijerumani, H2testw, ambayo hujaza diski mpya na kuisoma tena ili kuona kama nafasi ni ya kweli. Lakini usije ukamgombeza mwenye duka kwa sababu diski ya 240 inaonyesha 223 katika Windows. Hapo hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu kamili, Windows huhesabu kwa 1,024.

Wengine huogopa kwamba SSD huisha. Ni kweli huisha, kwa kuwa kila sehemu ina idadi ya mara inayoweza kuandikwa. Tuchukue Kingston A400 ya gigabaiti 240, ambayo mtengenezaji ameikadiria kuandikwa terabaiti 80. Nyumba inayoandika gigabaiti 20 kila siku, na huo ni uandishi mwingi, itazimaliza kwa siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Kasha lenyewe litakuwa limeliwa na kutu ya hewa ya chumvi kabla ya hapo.

Haya, faili. Hapa sitaki haraka, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Kabla mkono wa mtu yeyote haujagusa kasha, nakili kila kitu chenu mahali pengine. Kunakili folda ya "Documents" peke yake hakutoshi. Watu wengi huweka vitu juu ya kioo, kwenye "Desktop". Picha ziko "Pictures", na nusu ya maisha ya familia imelala katika "Downloads". Njia nyepesi ni kufungua diski C, kisha "Users", kisha jina lako, na kunakili folda hiyo nzima. Kila mtoto mwenye jina lake pale anakiliwe pia. Pitia programu za hesabu za biashara, kwani nyingine huweka kumbukumbu zake mahali pake penyewe. Andika maneno ya siri yaliyohifadhiwa na kivinjari cha intaneti. Na nakala iwe mbili kama kuna kitu kisichoweza kupatikana tena duniani. Moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye flashi iliyowekwa nyumba nyingine.

Ukisikia diski inagonga, ta-ta-ta, kama saa mbovu, acha mambo mengine yote. Usiifomati, usiichunguze kwa programu za kurekebisha. Nakili vya thamani kwanza, kwa mpangilio wa thamani, kisha izime. Ile ya mama yule haikuwa inagonga, lakini programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, iliandika "Caution" kwa rangi ya njano. Kunakili kazi ya binti na picha za marehemu kulichukua usiku mzima, na faili chache zilikataa kusomeka. Zilikuwa nyimbo.

Jambo la pili la kuamua ni mfumo endeshi. Wapo mafundi wanaopenda kunakili diski nzima ya zamani kuitia katika mpya, Windows na vyote. Huokoa muda wao. Mimi sipendi. Mashine iliyotumika miaka minane imejaa programu ambazo hakuna anayejua ziliingiaje, na kuhamisha yote hayo ni kuhama nyumba ukabeba hadi takataka za uani. Anza upya.

Lakini uanze na mfumo gani? Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa waliwapa watumiaji wa nyumbani nafasi ya kujisajili wapate marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wake hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Hizi eksi-yukei za 2012 hazina. Kuna hila za kuilazimisha ikubali, nazo hufanya kazi, ila Microsoft wenyewe hawaahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Kama biashara yako inategemea programu isiyokwenda ila kwa Windows, basi chagua moja ya njia hizo ukijua unachofanya, na uanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane.

Kwa nyumba za wanafunzi, maoni yangu ni Linux Mint. Haina malipo, faili yake ya kupakua ni karibu gigabaiti 3, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kuiweka ndani. Kuandika barua na hesabu kuna LibreOffice, intaneti kuna Firefox. Mtoto wa darasa la sita ataizoea kwa siku moja. Baba yake kwa juma moja, na atalalamika.

Nisilolikubali ni Windows ya wizi. Zile programu za kuvunja leseni ambazo hukuomba uzime kinga ya virusi kwanza, jiulize kwa nini zinaomba. Katika chumba ambacho watu huja na vitambulisho vyao na maneno yao ya siri ya KRA, huko ni kumwachia mgeni ufunguo wa nyumba za majirani. Na mara nyingi huna haja nayo: kama Windows 10 au 11 ya mashine yako ilikuwa na leseni halali ya kidijitali, leseni hiyo imefungamana na madabodi, haikufungwa kwenye diski. Ukiweka toleo lile lile katika diski mpya na kuunganisha intaneti, itajitambua yenyewe.

Utahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Kwa Windows, pakua kutoka Microsoft wenyewe programu yao ya kutengeneza flashi ya kuwekea mfumo. Kwa Linux, au ukishakuwa na faili kamili, Rufus itakufanyia kazi hiyo. Windows itameza gigabaiti 4 hadi 6 za bando, kwa hivyo tafuta mahali penye intaneti ya waya.

Kufungua kasha ni kazi ya dakika 15. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kidude cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha kabla ya kugusa vya ndani. Litoe nje uani na ulipige vumbi kwa brashi kavu ya rangi, na huku pwani usishangae ukikuta mchanga na chumvi. Vikadi vya ramu vikiwa vimefifia kwenye meno yake ya dhahabu, visugue polepole kwa kifutio cha penseli. Ni hila ya mafundi wa zamani na bado inafaa.

Kisha chomoa nyaya za diski ya zamani, na uiache bila nyaya hadi kazi yote iishe. Sisitizo langu kubwa ni hili. Diski isiyo na waya haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya, na Windows haiwezi kwenda kujificha nusu huku na nusu kule, jambo ambalo hupenda kulifanya ikikuta diski mbili. Unganisha SSD kwa nyaya zile zile, mmoja mwembamba wa data na mmoja mpana wa umeme. Vichwa vyake vina umbo la herufi L, haviingii vikiwa kinyume, basi usivilazimishe. Kama hakuna kibano cha inchi 2.5, usipoteze siku kukitafuta. Haina kitu kinachozunguka, hata gundi ya karatasi yenye nyuso mbili itaishika.

Washa na ubonyeze F12 kwa Dell au Lenovo, F9 kwa HP, uchague flashi. Kwa Dell ingia kwanza katika bayosi utazame sehemu ya SATA. Mara nyingi imewekwa RAID, nawe uibadili iwe AHCI kabla ya kuweka mfumo, la sivyo Linux huenda isiione diski kabisa. Windows ikikuuliza aina ya uwekaji, chagua "Custom", kisha ile nafasi tupu iliyoandikwa "Unallocated", na uendelee. Usianze kuikata vipande C na D na E, hiyo ni desturi ya diski za zamani. Nusu saa hivi, umemaliza.

Kuna kero moja inayowachanganya wengi baada ya hapo. Kompyuta inawaka kama umeme, lakini eCitizen na benki zinakataa kufunguka, zikisema ukurasa si salama. Tazama saa na tarehe. Ikiwa inaonyesha mwaka uliopita, ile betri ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi, CR2032, imekwisha. Huuzwa hata katika maduka ya saa. Ibadili, rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka.

Mashine ya mama yule sasa huwaka kwa sekunde 20 na kitu. Ya pili ameipangia mwezi ujao. Hajabadili kitu kingine, isipokuwa kwamba amenunua kifaa cha kushikilia umeme stima inapokatika, uamuzi mzuri kwani kuzimika kwa ghafla huumiza diski za aina zote, hata hizi mpya.

Imebaki diski ya zamani, na naona watu wengi huisahau mezani kwa fundi. Usiiache. Kama ni nzima, iache ndani ya kasha kama ghala la video na nakala, au iwekee kasha la nje la USB, ila lile la inchi 3.5 huhitaji umeme wake wenyewe. Kwa picha za kuhifadhiwa miaka mingi kabatini diski ya kuzunguka ni afadhali kuliko SSD, kwa kuwa SSD ikikaa muda mrefu bila umeme chaji yake huweza kufifia. Kama ni mgonjwa kama ile ya mama, iweke hadi uhakikishe kila faili imefunguka katika mashine mpya, zifungue moja moja, kisha itoboe sahani kwa msumari na nyundo kabla ya kuitoa. Kuifomati hakutoshi, na kwa mwenye saiba mna vitambulisho vya mtaa mzima mle ndani, ambavyo sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inamtaka avilinde.

Juma lijalo nitawajibu wale wanaouliza kwa nini printa hukataa kuchapa nyeusi tupu mpaka uinunulie wino wa rangi.